Mwalimu Aombapo Kura

Kuna maneno ambayo nimeyasikia tangu siku niliyoanza kazi ya ualimu mpaka siku niliyostaafu, nayo husemwa kwa upole kana kwamba ni heshima: "Ualimu ni wito." Husemwa mshahara unapochelewa. Husemwa nyumba ya mwalimu inapovuja. Na husemwa kwa nguvu zaidi siku mwalimu, hasa yule ambaye tayari ni diwani au mjumbe wa bodi ya elimu mahali pake, anapotangaza kwamba anagombea kiti katika baraza la kutunga sheria. Hapo watu hawamwulizi atafanya nini akikipata kiti hicho. Wanamwuliza kwa nini anawakimbia watoto.

Nataka kuyapinga maneno hayo, na kuyapinga bila kumung'unya. Sifa hii ya wito imegeuka kuwa kamba. Mtu husifiwa ili atulie. Daktari akigombea, tunasema amesoma. Mfanyabiashara akigombea, tunasema anajua fedha. Mwanasheria akigombea, tunasema yuko nyumbani kwake. Mwalimu peke yake ndiye anayeambiwa arudi alikotoka, na anayemwambia hivyo mara nyingi ni mtu aliyefundishwa kusoma na mwalimu.

Mifano yangu mingi nitaitoa Marekani. Sifanyi hivyo kwa kuwa kila cha huko ni kizuri, la hasha. Nafanya hivyo kwa sababu huko jambo hili limebishaniwa hadharani kwa miaka mingi, mahakamani, magazetini na kwenye masanduku ya kura, na kumbukumbu zake zipo. Baadaye nitarudi kwetu, maana na sisi tunayo historia ambayo tunajifanya kuisahau.

Kwanza msomaji aelewe lile baraza linalogombewa. Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na ninaposema jimbo sina maana ya jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea. Nina maana ya dola dogo lenye katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Majimbo 49 yana mabunge yenye nyumba mbili; Nebraska peke yake, tangu mwaka 1937, ina nyumba moja. Wajumbe wote wa mabunge hayo wakihesabiwa pamoja wanapita 7,300. Wengi wao hawajulikani hata mtaa wa pili. Hawaonekani katika habari za dunia, wala hakuna balozi anayewaandikia barua.

Lakini hao ndio wanaoshika shule. Katiba ya Marekani yenyewe haitaji elimu hata mara moja. Mwaka 1973, katika kesi ya San Antonio dhidi ya Rodriguez, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba elimu si haki ya msingi iliyolindwa na katiba ya shirikisho. Wazazi wa mtaa maskini wa Texas walikuwa wamelalamika kwamba shule za watoto wao zinapata fedha kidogo kuliko za matajiri walio jirani nao, na jibu walilopewa lilikuwa, kwa ufupi, nendeni kwenye jimbo lenu. Fedha za shule za umma huko hutoka karibu nusu kwenye jimbo, na sehemu kubwa ya zinazobaki hutoka kwenye kodi za mahali penyewe, hasa kodi ya nyumba na ardhi. Serikali ya Washington huchangia sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mshahara wa mwalimu, pensheni yake, idadi ya siku za masomo na sifa za kuajiriwa, yote hayo huamuliwa au huwekewa mpaka katika bunge la jimbo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sasa mtu anapoambiwa kwamba mwalimu asiingie humo, anaambiwa kwamba anayejua jambo akae nje, na wasiolijua wakae ndani waliamue.

Hebu tumtazame mgombea mmoja wa kweli. Shirley Chisholm alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1924, mtoto wa wahamiaji kutoka visiwa na mwambao wa Karibi, na sehemu ya utoto wake aliishi kwa bibi yake Barbados. Alisomea elimu ya watoto wadogo. Alianza kazi katika kituo cha kulelea watoto, akawa mkuu wa kituo, kisha kuanzia mwaka 1959 akawa mshauri katika idara ya jiji la New York iliyosimamia vituo vya kulelea watoto. Huyu alikuwa mwalimu na ofisa wa mahali pake kwa maana kamili. Alijua mtoto anakuja saa ngapi asubuhi, mama yake anafanya kazi gani, na kwa nini jioni mama huyo huchelewa kuja kumchukua.

Jioni alikuwa katika vyama vya siasa vya mtaani. Humo wanawake walifanya kazi zote za mikono na wanaume walifanya maamuzi. Yeye mwenyewe aliwahi kusimulia jinsi wanawake walivyopewa kazi ya kupamba maboksi ya sigara ya kukusanyia fedha za bahati nasibu ya chama, bila kupewa hata bajeti ya mapambo, naye akauliza kwa nini. Swali dogo kama hilo ndilo linalowaudhi wakubwa. Mwaka 1964 kiti cha mtaa wake katika bunge la jimbo la New York kilipokuwa wazi, akakitaka. Akaambiwa yale ambayo wanawake na walimu huambiwa kila mahali. Akagombea, akashinda. Na kwa kuwa mipaka ya majimbo ya uchaguzi ilikuwa inachorwa upya wakati ule, ilimbidi aombe kura mara tatu kwa miaka mitatu mfululizo, 1964, 1965 na 1966. Mara zote tatu alishinda.

Alifanya nini bungeni Albany? Hili ndilo swali la maana, na jibu lake ndilo hoja yangu. Alisaidia kupitisha mpango uliojulikana kwa jina la SEEK, wa kuwaingiza vijana wa mitaa maskini katika chuo kikuu cha jiji na kuwapa msaada wa masomo ili wasianguke. Alipigania watumishi wa majumbani wapate bima ya kukosa kazi kama wafanyakazi wengine. Na alishughulikia sheria iliyokuwa inamnyima mwalimu wa kike haki zake za ajira ya kudumu pindi anapokatiza kazi kwa sababu ya uzazi.

Msomaji aitazame orodha hiyo taratibu. Mtumishi wa nyumbani, mwalimu mjamzito, kijana aliyemaliza shule dhaifu. Ni nani mwingine katika bunge lile angewaona watu hao watatu? Wengi waliokuwamo walikuwa wanaume, na wengi wao wanasheria. Hawakuwa watu wabaya. Ila hawakuwa wamesimama mlangoni mwa kituo cha watoto saa kumi na mbili jioni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Januari 1969 mama huyu akaingia katika Bunge la Marekani, mwanamke wa kwanza mweusi kufika hapo, na mwaka 1972 akaomba kuteuliwa na chama chake kugombea urais. Lakini mimi namheshimu zaidi kwa ile miaka minne ya Albany, ambayo watu hawaizungumzi sana.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani moja moja, maana nyingine zina uzito.

Hoja ya kwanza husema kwamba mwalimu akiingia bungeni atajipigia kura ya mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1957 hoja ya namna hii ilifika mahakamani katika jimbo la Oregon. Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba mtu hawezi kuwa mwalimu wa shule ya umma na mjumbe wa bunge la jimbo kwa wakati mmoja, kwa kuwa katiba yao ilitenganisha mamlaka ya serikali na hakuna anayeruhusiwa kusimama kwenye pande mbili. Mwaka uliofuata, Novemba 1958, wananchi wa Oregon walipelekewa suala hilo kwenye kura, wakaibadili katiba. Wakaandika wazi kwamba mwalimu, na hata mjumbe wa bodi ya shule, anaweza kuwa mbunge wa jimbo.

Wananchi wale waliona sawasawa. Mkulima akiwa mbunge hupiga kura juu ya ruzuku ya mbolea. Wakala wa bima hupiga kura juu ya sheria ya bima. Mwanasheria hutunga sheria ambazo kesho atalipwa kuzifafanua. Mwenye nyumba za kupangisha hupiga kura juu ya kodi ya majengo. Hao wote hawaambiwi wanajipendelea. Wanaambiwa wana uzoefu. Ikiwa maslahi ni dhambi, basi na iwe dhambi kwa wote. Na ikiwa dawa yake ni kuyatangaza maslahi hadharani na kukaa pembeni pale panapomhusu mtu mwenyewe, basi dawa hiyo inywewe na wote.

Hata hivyo sitaficha kwamba upo ugonjwa wa kweli katika jambo hili. Katika jimbo la Alabama, mwaka 2006, gazeti la Birmingham News lilifichua jinsi vyuo vya miaka miwili vya umma vilivyokuwa vinatoa ajira na mikataba kwa wabunge wa jimbo na jamaa zao. Mkuu wa mfumo wa vyuo hivyo alifukuzwa, na mwandishi wa habari zile alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2007. Baadaye jimbo lilitunga sheria ya kuzuia mbunge kushika wakati huohuo ajira nyingine ya serikali ya jimbo. Ni sawa. Lakini tutofautishe. Mwalimu aliyefundisha miaka kumi na mitano ndipo akaomba kura ni mtu mmoja. Mbunge aliyepata kura ndipo akapewa kazi ya chuoni asiyoifanya ni mtu mwingine kabisa. Wa kwanza alikuwa na kazi kabla ya kiti, na wa pili kiti ndicho kilichomletea kazi. Kumnyima wa kwanza kwa makosa ya wa pili ni kumchapa mwanafunzi wa dawati la mbele kwa kelele za dawati la nyuma, jambo ambalo mwalimu yeyote mwenye haki hujizuia kulifanya.

Hoja ya pili humlenga diwani. Husema, mtu huyu bado hajamaliza hata mifereji ya kata yake, anakwenda kutafuta nini kwenye bunge? Nami nauliza, mifereji hiyo haijamalizika kwa sababu gani? Mara nyingi ni kwa sababu sheria iliyotungwa huko juu imemkabidhi diwani wajibu na kumnyima fedha. Mjumbe wa bodi ya shule wa mji mdogo huko Marekani hupokea kutoka bunge la jimbo amri kwamba darasa fulani lazima lifundishwe, mtihani fulani lazima ufanywe, na basi la shule lazima lipite njia fulani, kisha anaambiwa atafute mwenyewe pa kupata fedha. Yeye ndiye anayekaa mbele ya wazazi usiku na kutukanwa kwa uamuzi ambao hakuufanya. Mtu aliyetukanwa kwa sheria mbaya ana haki ya kwanza ya kwenda kuirekebisha. Aisifuye mvua imemnyea, na hata anayeilaumu imemnyea pia.

Ninachokubali ni kwamba asishike vyote viwili. Jimbo la New Jersey liliwahi kuwa na watu ambao ni mameya wa miji na papo hapo ni maseneta wa jimbo, na mwaka 2007 likatunga sheria ya kukomesha mtindo huo, ingawa wale waliokwisha kuvishika viti hivyo waliachwa waendelee. Mtu mmoja kuomba fedha kwa mkono wa kushoto na kujigawia kwa mkono wa kulia si utumishi. Diwani agombee akiwa diwani. Akishinda, aachie udiwani siku hiyohiyo, aje mwingine.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza, kwa sababu husemwa na watu wema. Husema, darasa litabaki tupu. Ni kweli. Mwalimu mzuri akiondoka watoto huona. Lakini tuangalie darasa hilo linavyokuwa tupu kwa njia nyingine. Katika jimbo la Oklahoma walimu walikaa miaka kumi, toka 2008 hadi 2018, bila bunge kuwaongezea kiwango cha mshahara. Wengi walivuka mpaka kwenda majimbo jirani, wengine wakaacha kazi. Zipo wilaya nyingi za shule huko zilizofikia kufungua shule siku nne tu kwa wiki ili kubana matumizi. Madarasa hayo hayakumwagwa na walimu waliogombea ubunge. Yalimwagwa na wabunge ambao hawakuwa walimu.

Kisa cha Oklahoma kina funzo lingine. Mwaka 1992 wananchi wa jimbo hilo walipitisha kanuni kwamba bunge haliwezi kupandisha kodi isipokuwa robo tatu ya wajumbe wa kila nyumba wakubali. Matokeo yake ni kwamba robo moja na kidogo ya wajumbe waliweza kuizuia fedha ya shule mwaka baada ya mwaka. Machi 2018, baada ya walimu kutangaza mgomo, bunge likapandisha kodi, kwa mara ya kwanza tangu 1990, na kuwaongezea walimu kwa wastani wa dola 6,100 hivi kwa mwaka. Walimu wakaona fedha ya madarasa yenyewe bado haitoshi, wakaandamana hadi makao makuu ya jimbo kuanzia Aprili 2 hadi 12. Na ikatokea kwamba siku za kuandikisha wagombea zilikuwa Aprili 11 hadi 13, hapo hapo. Basi walimu waliokuwa wamebeba mabango wakaingia ndani kuandika majina yao. Wengi walishindwa, wachache walishinda. Lakini wabunge walio wengi wa chama tawala waliokuwa wameikataa kodi ile, uchaguzi ulipokwisha hawakuwamo tena. Mtu akiniambia kwamba walimu wale waliwakimbia watoto, nitamwuliza alitaka wawapiganie watoto kwa chaki gani.

Mwaka huohuo katika jimbo la Kentucky kulitokea jambo ambalo lazima nilieleze kwa kirefu, kwa sababu linaonyesha kwa nini mwalimu anahitajika bungeni hata pale ambapo fedha si suala. Serikali ya jimbo ilitaka kubadili pensheni za walimu. Muswada wake ukakwama. Machi 29, 2018, ukachukuliwa muswada mwingine, uliohusu huduma za maji machafu, ukatolewa maneno yake yote, na ndani yake yakawekwa mabadiliko ya pensheni yenye kurasa 291. Siku hiyohiyo, kwa muda wa saa chache, nyumba zote mbili zikaupitisha. Kesho yake shule za wilaya nyingi zilifungwa kwa kuwa walimu hawakwenda kazini.

Katiba ya Kentucky husema kila muswada usomwe mara tatu, katika siku tatu tofauti, ndani ya kila nyumba. Muswada wa maji machafu ulikuwa umesomwa. Wa pensheni haukusomwa. Desemba 13, 2018, Mahakama Kuu ya jimbo, majaji wote kwa kauli moja, ikaitupa sheria ile. Kusomwa jina la juu wakati ndani ni kitu kingine, ilisema kwa maana yake, si kusomwa. Mwalimu yeyote wa darasa la nne angewaambia hivyo bure. Mtoto akileta daftari la mwenzake lenye jina lake juu ya jalada, tunajua la kufanya.

Katika kura za maoni za Mei mwaka ule, mwalimu wa hisabati aitwaye Travis Brenda alisimama dhidi ya Jonathan Shell, kiongozi wa wajumbe walio wengi katika nyumba ya wawakilishi ya Kentucky, mtu wa chama chake mwenyewe. Akamshinda kwa kura 123. Mwaka uliofuata gavana aliyeutia saini muswada ule naye alishindwa, na mgombea mwenza wa aliyemshinda alikuwa mwalimu pia. Huyo Brenda mwenyewe hakudumu. Mwaka 2020 alishindwa katika kura za maoni kwa kura chache sana. Nasema hivyo makusudi. Kiti cha mwalimu bungeni si cha urithi. Alikuja akapimwa, akapimwa tena akaonekana amepungua, akaondoka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe kwa kila mtu.

Kipo kizuizi kingine kisichotajwa sana, nacho ni cha kalenda na mfuko. Bunge la Texas hukutana kwa siku 140 kila baada ya miaka miwili, kuanzia Januari hadi mwisho wa Mei, yaani katikati kabisa ya muhula wa shule. Mjumbe hulipwa dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku za kikao. New Hampshire, yenye nyumba ya wawakilishi ya watu 400, imekuwa ikimlipa mjumbe dola 100 kwa mwaka tangu mwaka 1889. Watu husifu utaratibu huo kwamba ni bunge la raia wa kawaida. Mimi siusifu. Raia wa kawaida gani anayeweza kuacha kazi miezi mitano kwa malipo hayo? Ni mstaafu, ni mwenye kampuni, ni mwanasheria ambaye wenzake ofisini wanamshikia kesi. Mwalimu wa kawaida hawezi. Mlango umeandikwa "karibuni nyote" lakini kizingiti kimewekwa juu ya kimo cha mtu mmoja. Kwa hiyo nasema, bunge linalomlipa mjumbe mshahara wa kuishi si la anasa. Ni bunge lililoamua kwamba maskini naye aweze kuwa mjumbe.

Sasa nirudi kwetu. Wanaosema mwalimu asigombee, kwa nini hawatazami walikotoka? Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1944, alikuwa mwalimu. Ronald Ngala alikuwa mwalimu mkuu Mombasa, akakaa katika baraza la mji, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia katika baraza la nchi akiwakilisha watu wa pwani: mwalimu, mjumbe wa mji, mtunga sheria, hatua moja baada ya nyingine. Na huku Tanganyika, Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu. Mwaka 1954 alikaa kwa muda katika Baraza la Kutunga Sheria. Machi 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa, alitakiwa achague moja kati ya darasa na siasa. Akaacha kazi. Kama watu wa wakati ule wangemwambia kwamba ualimu ni wito na wakamfungia hapo, historia yetu ingeandikwa namna nyingine. Badala yake walimpa kura, na cheo cha darasani wakamwachia mpaka kaburini. Hatukumwita Rais tu. Tulimwita Mwalimu.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba chaki husafisha moyo. Daniel arap Moi naye alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Alitawala Kenya tangu 1978 hadi 2002, na katika utawala wake walimu wa vyuo vikuu, waandishi na wanafunzi waliwekwa kizuizini. Wapo walimu wanaotoka darasani wakiwa wamezoea kwamba anayeongea ni mmoja na wanaosikiliza ni arobaini na watano. Mtu wa namna hiyo akipewa nchi ataigeuza darasa, na wananchi wote watapiga magoti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwalimu si tofauti na mgema.

Kwa hiyo siombi walimu wapewe kura kwa sababu ni walimu. Naomba wasinyimwe kwa sababu hiyo. Mpiga kura amwulize mgombea aliye mwalimu na diwani maswali yaleyale magumu anayopaswa kumwuliza mwingine yeyote. Shuleni ulipokuwa mkuu, hesabu za michango ya wazazi zilibandikwa ukutani au zilikaa mfukoni mwako? Katika baraza la madiwani, ulipopingana na wakubwa wa chama chako, ni mara ngapi na juu ya nini? Walimu wenzako uliowaongoza, wanakuogopa au wanakuamini? Majibu yapo kijijini, hayahitaji mtafiti.

Nao walimu nawaambia hivi. Ukitaka kugombea, gombea wazi. Usiwatume wanafunzi kubeba mabango yako, wala usimwulize mtoto darasani baba yake atampigia nani. Usiahidi kwamba kila mwalimu atajengewa nyumba, maana wewe unajua bajeti ilivyo, na kudanganya kwa mtu anayejua ni kubaya kuliko kwa asiyejua. Ukishinda, usiwe mbunge wa walimu. Uwe mbunge wa mwenye duka, mvuvi na mama wa gengeni, ambao ndio wazazi wa watoto uliowafundisha. Na ukishindwa, rudi darasani bila haya. Mwaka ujao kutakuwa na kijana mbele yako ambaye alikuona ukiomba kura kwa adabu na ukashindwa kwa adabu, naye atakuwa amejifunza somo la uraia ambalo halimo katika kitabu chochote tulichowahi kugawiwa.

Na wale wenye maneno ya wito, ninawaomba wayatumie sawasawa. Kama ualimu ni wito, basi na kutunga sheria ya shule ni wito uleule, ila umeitwa kwa sauti kubwa zaidi. Kama hawataki mwalimu aingie bungeni, watuambie mapema ni nani kati yao atakayeisoma ile miswada mara tatu kabla ya kuipitisha.